Jina la Nyumbani Halipiti Kwenye Spika

Siku ya kwanza nilipokwenda kwa Mama MC kumwambia kwamba nataka kuimba, hakuniuliza naimba nini. Aliniuliza nimekula nini. Nikamjibu nimeshiba, kwa adabu zetu za kukataa mara ya kwanza, naye akanishika mkono hadi jikoni, akanipakulia ndizi na maharage ya moto, akakaa mlangoni kunitazama nikila. Nilipomaliza akachukua sahani.

"Sasa tuongee," akasema. "Binti mwenye njaa hapewi kazi, anapewa masharti."

Pande zetu zote, kuanzia Ihembe hadi Kaisho na kule Bugomora, walimwita hivyo tu, Mama MC. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini lilibaki kanisani. Alizaliwa wapi na alikuwa wa ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi nilimjua akiwa ameshashika kipaza sauti. Alisherehesha harusi, sendofu za kuwaaga mabinti wanaochukuliwa kwao, kipaimara, jubilei za wazee waliovumiliana miaka hamsini na bado hawataki kukaa kiti kimoja. Aliimba, alichekesha, na alijua kumkatiza mwenyekiti wa kamati bila mwenyekiti mwenyewe kugundua kuwa amekatizwa. Ukimwona kanisani ungedhani ni mtu mwenye haya: mfupi, kitenge mpaka vifundoni, macho chini. Sauti yake ndiyo iliyomsaliti. Ilikuwa nzito na yenye joto, ikitoka chini kabisa, na hata akiomba chumvi watu waligeuka kumsikiliza.

Alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemwajiri. Binti yeyote aliyetaka kuimba, kuigiza, kutangaza redioni au kuchekesha watu kwenye simu, mama yake alimpeleka kwa Mama MC. Akina mama wengi waliwapeleka ili wakatazwe. Hakumkataza hata mmoja, na kwa hilo alilaumiwa sana. Wengine waliacha kumwamkia. Alikuwa akiwawahi kwa salamu yeye mwenyewe, kwa sauti ya juu, mpaka waone aibu.

Mafundisho yake hayakuwa na mpangilio. Alikupa moja mkimenya ndizi, jingine mkiwa nyuma ya pikipiki mnaenda kwenye shughuli. Kabla hujajua unakwendaje, jua unarudije. Viatu virefu ni vya wageni, wewe upo kazini. Usivae gauni lililonunuliwa na mtu anayekulipa. Soda usiyoifungua mwenyewe si yako. Usimfanye bibi harusi kichekesho, hata kama wanaume wa meza ya mbele wanakuomba hilo, kwa sababu kesho watakufanya wewe. Sherehe zake alizianza asubuhi na kuzimaliza ng'ombe hawajarudi, na kamati iliyotaka kukesha aliiambia itafute MC mwanamume. Alisema mabinti zake hawana sababu ya kutafuta usafiri gizani.

Ila fundisho lililomtambulisha lilikuwa la kahawa. Kwetu mgeni hupewa amwani kabla ya maneno mengine yoyote, buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune taratibu huku akipumzika. Mama MC alikuwa nazo daima kwenye kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, ndani ya mkoba, pamoja na kitambaa na Biblia ndogo. Alituambia mtu akikuahidi kazi, weka amwani mdomoni na usijibu mpaka uimalize. Asiyeweza kukusubiri utafune hataweza kukusubiri ufikiri.

Nilidhani ni mzaha wake mwingine, mpaka akaja bwana mmoja Kayanga na gari lenye vioo vyeusi, akasema anatengeneza filamu na kwamba sura yangu ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Nilikuwa nimetoka kuimba kwenye harusi, jasho bado halijakauka. Nikatia amwani mdomoni. Yule bwana akaongea. Akaona sijibu, akaongea tena, na kadiri nilivyotafuna ndivyo alivyozidi kujieleza: mara filamu ina waigizaji wengi, mara ni sisi wawili tu, mara kabla ya yote ni lazima nijaribiwe, na mahali pa kujaribiwa ni gesti aliyofikia. Nilipomeza nilikuwa nimeshamjua vya kutosha. Nikamwambia vizuri tu kwamba kesho aje anijaribu sebuleni kwa Mama MC.

Nilimpa Mama MC taarifa nikijua atacheka. Hakucheka. Kesho yake alifagia sebule, akatandika kitambaa cha mezani, akaweka chupa ya chai na vikombe, akavaa vizuri. Tukakaa. Mchana ukapita, chai ikapoa, hakuna gari lililosimama. Nilianza kumtania kwamba mgeni wetu ameogopa vikombe.

"Mimi nilitaka aje," akasema, akikusanya vile vikombe. "Miaka yote hii nawasubiri. Nilitaka angalau mmoja aje, akae hapo kwenye kiti, tuongee kazi."

Nilikuwa nikidhani anafurahia kuwashinda wale watu, kumbe kila asiyekuja alimuumiza. Aliamini kabisa kwamba kazi yetu ni kazi kama ualimu au uuguzi, na kwamba mahali fulani wapo watu wanaoiendesha hivyo. Aliwangoja kama mtu anavyongoja mvua, akiangalia juu bila kusema.

Palikuwa na dada mmoja wa Kaisho ambaye hakutafuna. Alikuwa na sauti kuliko sisi sote, na wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya dada yake anayeolewa. Mtu alimpa karatasi asaini, akasaini palepale kwa furaha, na baadaye akasikia wimbo wake redioni kwa jina la mtu mwingine. Mama MC hakumsema hata siku moja. Alichofanya ni kumwagiza fundi wetu wa muziki, bwana mmoja wa Muleba mwenye spika zake na jenereta, kwamba popote yule dada alipo, wimbo ule usipigwe hata bibi harusi akiuomba. Nimewahi kumwona akiwadanganya wazazi wa bwana harusi kuwa wimbo umeharibika. Baada ya hapo alikwenda kukaa karibu na yule dada, akamwekea nyama kwenye sahani, wakaongea habari za maharage.

Hakuwa mtakatifu. Alitukataza pombe kwa ukali wa mchungaji, kisha kabla ya kushika kipaza sauti utamkuta nyuma ya nyumba na bibi vizee, ana kibuyu cha rubisi, eti analainisha koo. Alituambia tuolewe na mwanamume atakayekuja kukaa meza ya nyuma kutusikiliza, na wa kwake hakuja hata mara moja. Mumewe alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mpole mwenye maneno machache, na kati ya hayo machache moja lilikuwa kwamba mke wa mtu hapaswi kuwachekesha waume za watu. Hakumzuia. Alimwachia chupa ya maji ya moto na asali mezani kila aliporudi kazini, basi, wala hakuuliza sherehe ilikuwaje. Mama MC aliyanywa yale maji akiwa amesimama. Niliwahi kumuuliza kama inamkera. Akasema asali ya mzee ni nzuri.

Misiba aliikataa. Siku hizi hata maziko yana MC, anawapanga watu zamu ya kulia na kutambulisha wageni mashuhuri. Mama MC alisema anayelia hapangiwi zamu, na wake ulipofika tulimtii. Tulimzika mwaka huu katikati ya migomba ya nyumbani kwake bila kipaza sauti, na watu walilia walivyotaka, wakapishana na kugongana. Ilikuwa vurugu tupu. Nadhani angeipenda, ingawa asingeacha kutuambia kwamba wageni wa Bukoba hawakupewa viti.

Lakini nilitaka kuandika juu ya kitu kimoja, na nimekizunguka muda wote huu kwa sababu kinaniuma.

Katika sendofu zote alizoongoza, palikuwa na sehemu ambayo haikuwa kwenye ratiba ya kamati. Bibi harusi alisimama kwenye njia ya kutokea uani, uso kwa waliokuja kumchukua, mgongo kwa nyumba ya kwao. Mama yake alisimama mlangoni. Mama MC alimwambia fundi azime kila kitu, na jenereta lenyewe, kisha akashusha kipaza sauti mpaka usawa wa goti. Kwenye ukimya huo mama alimwita mwanawe mara moja kwa jina la nyumbani, lile la jikoni na la kutumwa maji, ambalo huko aendako hakuna atakayelitumia. Binti aliitika "abee" bila kugeuka, na ndipo alipoondoka. Hapo hata wanaume wa kamati walitafuta leso. Niliona watu wa sherehe kubwa wakitaka mama apewe kipaza sauti ili wageni wa nyuma wasikie, na jibu lilikuwa lilelile kila mara, kwamba jina la nyumbani halipiti kwenye spika.

Sababu aliniambia mara moja tu, tukiosha vyombo. Siku aliyoolewa yeye palikuwa na muziki mkubwa, na mshereheshaji aliyependa sauti yake mwenyewe. Mama yake alimwita kutoka mlangoni na yeye hakusikia. Akaondoka akicheza. Majirani ndio waliomweleza baadaye kwamba mama yako alikuita, ukaenda bila kuitika. Alipopata nafasi ya kurudi nyumbani kumsalimia, mama alikuwa ameshafariki.

"Ndiyo maana nikaishika hii kazi," akasema. "Nilitaka niwe mimi ninayezima muziki."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa chekechea. Tangu nimjue alitamka mbele yetu kwamba siku ya huyu binti hatashika kipaza sauti. Atasimama mlangoni kama mama mwingine yeyote, na atamwita. Tulimtania kwamba ataita mpaka wasikie ng'ambo ya mto Kagera. Hakuna kitu alichokitamani kama hicho, na hakukificha.

Koo lilianza kumkwaruza wakati wa mavuno. Kwetu harusi hufuata kahawa. Watu wakishauza ndipo kamati zinaamka, na Mama MC kwa miezi ile hakuwa na Jumamosi yake. Alitufundisha kwamba hakuna sherehe ya mtu yenye thamani ya koo lako, kwa sababu wao watakula, watakwenda zao, na wewe utabaki na koo lako. Nilimsikia akimrudisha nyumbani dada aliyekuwa na mafua tu. Yeye aliendelea. Alitafuna amwani zaidi, akanywa asali zaidi, na rubisi nayo, akiamini kinachochangamsha mdomo kitafungua koo. Hospitali walimwambia kuna uvimbe, asiongee, asafiri kutibiwa mapema. Akarudi, akasema acha msimu uishe, nimeshawakubalia watu. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe. Alinitazama, akaweka amwani mdomoni, akatafuna, na alipomaliza hakunijibu. Msimu ulipoisha aliondolewa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Alirudi na tundu shingoni, akilifunika kwa kitambaa cheupe.

Nilimkasirikia. Nisiseme uongo, nilimkasirikia hata nikakaa wiki bila kwenda kwake. Tulikuwa wanawake wengi tunaoishi kwa maneno yake na yeye ndiye ambaye hakuyasikia.

Posa ya binti yake ilikuja akiwa katika hali hiyo. Yeye mwenyewe alichagua niwe mshereheshaji, kwa kunigusa kifuani kwa kidole mbele ya kamati yote. Kamati ilipofika kwenye lile jambo la kuita, watu wakatazamana. Shangazi wa binti akasema kwa upole kwamba yeye anaweza kuita kwa niaba, shangazi ni mama. Fundi wa Muleba akasema ana sauti yake kwenye simu, alimrekodi zamani kwenye sherehe moja akimwita binti huyohuyo aje ashike mkoba, na jina lenyewe lipo, safi kabisa. Machozi yalimlenga fundi alipokuwa akisema hayo, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Nikatumwa nikamuulize mwenyewe.

Nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia kwa midomo. Nikamweleza ya shangazi. Nikamchezea ile sauti ya fundi. Ilitoka nzito na changamfu kwenye simu, ikaita mara moja, na kule ndani binti aliacha kufagia. Mama MC aliweka mkono juu ya simu mpaka nikaizima. Akafungua kikapu, akatia amwani mdomoni, akatafuna huku akitazama migomba. Kisha akatikisa kichwa kwa shangazi, akatikisa kichwa kwa simu, akajigusa kifua.

"Utafanyaje, mama?" nikamuuliza.

Akarudi kwenye maharage yake.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri. Mumewe alivaa koti, na kwa mara ya kwanza nilimwona kwenye sherehe yenye kipaza sauti, amekaa meza ya nyuma kabisa, kofia magotini. Niliongoza kila kitu nilivyofundishwa. Niliwachekesha wazee, nilimkatiza mwenyekiti, nilicheza na wakwe. Moyoni nilikuwa naogopa dakika moja tu. Ilipofika, binti alisimama kwenye njia ya kutokea, mgongo kwa nyumba, mabega yamekaza. Mama MC alikwenda mlangoni akiwa na kitambaa chake cheupe. Nikampa fundi ishara. Muziki ukazimika, jenereta likazimika. Nikashusha kipaza sauti mpaka goti.

Nilimwona akifungua mdomo. Nilikuwa upande wake, niliiona midomo ikilifuata lile jina lote, herufi kwa herufi, na mishipa ya shingo ikisimama pembeni ya kitambaa. Pumzi tu ndiyo iliyotoka. Sikuisikia hata mimi niliyekuwa karibu. Uani palikuwa kimya mpaka mwisho wa shamba. Jina lenyewe sitaliandika hapa, si langu.

Binti hakuweza kumwona. Nilianza kuinua kipaza sauti ili niseme chochote cha kuwaokoa wote wawili.

"Abee, mama."

Hakuitika kwa nguvu. Aliitika kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, na hakugeuka. Akaanza kutembea.

Wanawake walilia, na kule nyuma mzee alifunika uso kwa kofia. Mama MC alitufundisha kwamba mshereheshaji halii kabla ya wenye shughuli, lakini mimi nililia, na sauti ikanikauka kabisa. Wakwe walikuwa wananitazama, fundi ananitazama, kipaza sauti kimelala mkononi mwangu. Ndipo Mama MC alipovuka ua kuja kwangu, taratibu, uso umelowa. Akafungua kikapu chake, akanitia amwani mdomoni mbele za watu wote kama mtoto anayepewa dawa. Akasimama kunisubiri nitafune. Nilipomeza akaninyanyua kiwiko kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa tunajifunza, mpaka kipaza sauti kikanifika mdomoni.

"Ndugu wageni," nikasema, "binti ameitika."